Butembo na Beni: Masomo yakifungwa, telefone ya mzazi inaweza kufundisha mtoto?

Kila mara masomo yanapofungwa katika miji ya Butembo na Beni, swali ndani ya nyumba ni lile lile: mtoto atashinda akifanya nini? Siku moja ni "ville morte", siku nyingine ni masasi pembeni ya mji, mwezi mwingine ni mgomo wa walimu. Katika nyumba nyingi jibu limekuwa telefone. Mtoto anapewa telefone ya mzazi ili atulie, anaangalia video, anacheza michezo ya kukimbiza magari, mpaka betri inakufa.

Ila ndani ya telefone hiyo hiyo kunaweza kuingia michezo ya kufundisha herufi, hesabu na kusoma. Mingi ni ya bure, na mingine haihitaji intaneti ikisha kupakuliwa. Watu wengi wanaisifu, kampuni zinaitangaza, mashirika yanaileta. Je, inasaidia kweli? Na katika hali ya Grand Nord, nani itamfikia na nani itamwacha nyuma?

Mtoto mmoja, miaka saba ya kukatika-katika

Ili kuelewa uzito wa swali hili, inatosha kufuata njia ya mtoto aliyeanza mwaka wa kwanza wa primere mjini Beni mwezi wa kenda 2018. Alikuwa na miaka sita. Mwezi mmoja mbele, tarehe 1 mwezi wa nane, serikali ilikuwa imetangaza Ebola iliyotokea Mangina. Aliingia darasani akipimwa joto na kunawa mikono mlangoni. Kabla ya mwezi huo kuisha, mji ulishambuliwa na shughuli zote zikasimama kwa siku kadhaa za kilio.

Mwaka wa pili ulikatwa na Covid: mwezi wa tatu 2020 masomo yote ya inchi yalifungwa. Mwezi wa nane walirudi kwanza wale wa madarasa ya kumaliza, wengine walingoja mpaka mwezi wa kumi. Mwaka wa tatu ulianza mwezi huo wa kumi, ukafungwa tena tarehe 18 mwezi wa kumi na mbili, ukafunguliwa tarehe 22 mwezi wa pili 2021. Miezi miwili baadaye wanafunzi wa Beni walienda kukaa na kulala kwenye kiwanja cha meri wakiomba amani, na masomo yakasimama tena. Mwezi wa tano utawala wa kijeshi ukaanza katika Kivu ya Kaskazini na Ituri. Mwezi wa sita mabomu yakalipuka mjini Beni, moja ndani ya kanisa, na meri akafunga masomo, makanisa na masoko kwa siku mbili.

Mtoto huyo, kama hakurudia darasa, alitakiwa kuingia mwaka wa saba mwezi wa kenda 2024. Mahali pengi walimu wa shule za serikali walianza mwaka huo kwa mgomo wa kudai mishahara. Na ilipofika mwaka 2025, vita vya M23 vilikuwa vimeshuka mpaka kusini mwa Lubero, na familia nyingi zilizokimbia zikaingia Butembo na vijiji vya jirani. Mwezi wa pili 2025 UNICEF ilihesabu kwamba shule na sehemu za kujifunzia zaidi ya 2,500 zilikuwa zimefungwa katika Kivu mbili, na watoto 795,000 hawakuwa wanasoma.

Hayo ni masomo yaliyofungwa. Hata yale yaliyo wazi yana shida yake. Tangu mwezi wa kenda 2019 shule ya msingi ya serikali ni bure, kama Katiba inavyoagiza katika kifungu cha 43. Ni jambo jema: watoto wengi waliokuwa wanafukuzwa kwa sababu ya minervale walirudi. Lakini walirudi wengi kuliko viti na walimu. Darasani mwalimu mmoja akiwa mbele ya watoto wengi hivyo, hawezi kusikiliza kila mmoja akisoma kwa sauti. Benki ya Dunia inakadiria kwamba katika Kongo watoto 97 kati ya 100 wa miaka kumi hawawezi kusoma andiko fupi la umri wao na kulielewa.

Kwa hiyo mzazi anayetafuta msaada nyumbani hatafuti anasa. Anatafuta kujaza shimo ambalo amelikuta.

Tanga ilionyesha nini

Jaribio kubwa la kuangalia kama mtoto anaweza kujifunza kwa mchezo wa mashini, karibu bila mwalimu, lilifanyika kwa Kiswahili, katika mkoa wa Tanga, Tanzania. Lilikuwa shindano la kimataifa la Global Learning XPRIZE, lenye zawadi za dola milioni 15. Timu tano zilizofika mwisho zilitengeneza programu za kusoma, kuandika na kuhesabu kwa Kiswahili. Kuanzia mwisho wa 2017 mpaka mwanzo wa 2019, watoto zaidi ya 2,000 katika vijiji zaidi ya 100 walipewa tableti zilizotolewa na Google. Shirika la chakula la Umoja wa Mataifa, PAM, lilisaidia kuzifikisha na kuweka vituo vya kuchajisha kwa nguvu za jua. UNESCO ilisimamia mitihani ya kupima watoto mbele na nyuma.

Mwanzoni, watoto zaidi ya 90 kati ya 100 hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Wengi hawakuwa wameingia darasani hata siku moja. Baada ya miezi 15, hesabu ya wasiojua hata neno moja ilishuka mpaka nusu. Mwezi wa tano 2019 zawadi kubwa ya dola milioni 10 iligawanywa kwa washindi wawili: onebillion ya Uingereza na Kitkit School, iliyotengenezwa na kampuni yenye mizizi Korea ya Kusini na Marekani. Na programu zote tano ziliachwa wazi, mtu yeyote aweze kuzichukua na kuzitumia.

Matokeo hayo yasomwe pande zote mbili. Upande mmoja: watoto wa vijijini, ambao wazazi wengi hawakuwahi kuwasomea kitabu, walijifunza kusoma kwa kucheza. Upande wa pili: hata baada ya mwaka mmoja na nusu karibu, watoto wengi bado hawakuweza. Na kila mtoto wa Tanga alikuwa na tableti yake, mahali pa kuichajisha, na programu moja iliyopangwa hatua kwa hatua kwa lugha anayoisikia kila siku. Hakuwa anangoja papa arudi na telefone saa mbili za usiku.

Mashini peke yake haitoshi

Mfano wa Peru unaonyesha kinyume chake. Serikali ya huko iligawa kompyuta ndogo kwa wingi katika shule za vijijini, chini ya mpango wa kompyuta moja kwa kila mtoto. Mwaka 2012 watafiti wa benki ya maendeleo ya nchi za Amerika walitoa hesabu yao: watoto walizoea kutumia kompyuta, lakini katika hesabu na lugha hawakuwapita wenzao wasio nazo. Kompyuta zilifika, lakini mpango wa kufundishia haukufika pamoja nazo.

Sudan ilifuata njia nyingine. Shirika la War Child lilipeleka mchezo wa tableti katika vijiji visivyo na shule, kwa watoto ambao vita na umaskini vimewaweka nje. Mchezo ulifuata programu ya hesabu ya taifa, picha zake zilitoka katika maisha ya watoto wenyewe, na mtu mzima wa pale kijijini alikaa nao, hata kama si mwalimu wa kazi. Watoto waliendelea vizuri, na mpango ukavuka mpaka nchi nyingine, Uganda ikiwemo.

Na kuna mfano wa Botswana, ambao kwa mzazi wa Butembo au Beni ndio wa karibu zaidi, kwa kuwa haukuhitaji tableti wala intaneti. Covid ilipofunga masomo mwaka 2020, familia zaidi ya 4,500 ziliingia katika jaribio. Wengine walitumiwa ujumbe mfupi wenye maswali ya hesabu kila wiki. Wengine walitumiwa ujumbe ule ule, kisha mwalimu akawapigia, mzazi na mtoto wakae pamoja, wapige hesabu dakika 15 mpaka 20. Ujumbe peke yake haukubadilisha kitu cha maana. Ujumbe pamoja na sauti ya mwalimu ulisogeza watoto mbele kwa wazi. Matokeo yalichapishwa mwaka 2022.

Mifano yote minne inafundisha jambo moja. Mchezo mzuri unasaidia pale ambapo mtu mzima anajua mtoto yuko hatua gani na anamrudia. Mchezo ukiachwa peke yake, mtoto anajifunza zaidi kubonyeza.

Telefone ni ya nani, na iko wapi saa nne za asubuhi?

Butembo ni mji wa biashara. Wafanyabiashara wake wameshika njia ya Dubai na China kwa miaka mingi, na telefone za bei zote zinaingia kwa mpaka wa Kasindi mpaka katikati ya mji. Kwa hiyo telefone yenye kioo cha kugusa si kitu cha ajabu tena, hata katika familia za kawaida. Ila mara nyingi ni moja kwa nyumba nzima. Na telefone hiyo ni duka, ni benki, ni kitambulisho cha kazi. Motari anaibeba asubuhi, mama muuza mihogo anaenda nayo sokoni kwa sababu ndani yake ndimo pesa ya wateja inapita. Saa ambazo mtoto ana akili safi, telefone haiko. Inaporudi, ni usiku, betri iko chini, na mtoto anasinzia.

Umeme ni kizuizi cha pili. Kuna mitaa ya Butembo na Beni ambayo imeunganishwa na umeme, na kuna mingine inayoishi kwa pano ndogo ya jua au kwa kulipa mtu mwenye grupe ili akuchajishie. Anayelipa ili kuchajisha hatakubali faranga zake ziishe kwa mchezo. Kwa familia zilizokimbia, zinazolala kwa jamaa au katika madarasa na makanisa, hesabu ni ngumu zaidi.

Cha tatu ni mega. Hapa kuna jambo ambalo wazazi wengi hawaambiwi. Kinachokula mega si mchezo wa kujifunza bali ni video. Programu ya kusoma inaweza kuwa na mega makumi kadhaa au mia na kitu, lakini inapakuliwa mara moja tu, kisha nyingi zinafanya kazi bila mtandao. Mtoto anayeangalia katuni kwenye mtandao kila jioni anamaliza mega hizo kwa muda mfupi, na kesho zinahitajika nyingine. Mwaka 2020, kwa sababu hiyo, Vodacom na UNICEF pamoja na wizara ya elimu walifungua jukwaa la VodaEduc lenye masomo ya programu ya taifa, wateja wa kampuni hiyo waingie bila kukatwa unite. Ni msaada, ila unaishia pale mtandao unapoishia.

Kizuizi cha nne hakisemwi sana: msichana. Masomo yakifungwa, msichana anatumwa maji, anabeba mdogo wake, anapika sombe. Kaka yake ndiye anashika telefone. Mchezo wa kujifunza ukiingia katika nyumba ambayo kazi haijagawanywa, utaongeza umbali uliokuwepo kati ya wawili hao. Mzazi asipopanga saa ya kila mmoja, telefone itampangia, na itampangia yule mwenye nguvu ya kuinyakua.

"Tisa" ama "kenda"?

Mtoto wa Butembo mara nyingi anasema Kinande nyumbani, Kiswahili barabarani, na Kifaransa kinamngoja darasani. Michezo mingi anayoweza kupakua imeandikwa kwa Kiingereza au Kifaransa cha Ulaya. Ile ya Kiswahili, kama ya Tanga, imeandikwa kwa Kiswahili cha Tanzania.

Ni Kiswahili kizuri, na kumfahamisha mtoto lugha hiyo ni faida. Lakini mtoto wa miaka sita ambaye nyumbani anahesabu "saba, munane, kenda" anakuta mashini inasema "saba, nane, tisa". Makumi mbili imekuwa ishirini. Anaonyeshwa mchicha, yeye anajua lengalenga. Anaambiwa kisamvu, yeye jana amekula sombe. Akibonyeza jibu baya, mashini inamwambia amekosea hesabu, kumbe hesabu anaijua, neno ndilo limempita. Asipokuwa na mtu pembeni wa kumwambia "tisa ni ile kenda yetu", anaanza kuamini kwamba hana akili.

Kifaransa nacho kina mtego wake. Mwalimu wa Kongo, kama wa Ubelgiji, anafundisha 70 kuwa "septante" na 90 kuwa "nonante". Programu iliyotoka Ufaransa inafundisha "soixante-dix" na "quatre-vingt-dix". Mtoto anayejiandalia mtihani wa mwisho wa primere anahitaji kujua kwamba yote mawili ni sawa, na kwamba darasani kwake ni lipi linalotumika.

Katuni za Ubongo Kids, zilizoanza Dar es Salaam mwaka 2014 na kufundisha hesabu na sayansi kwa hadithi na nyimbo, zilianza na Kiswahili, na sasa zipo kwa Kifaransa pia. Mzazi anaweza kumwonyesha mtoto sehemu ile ile kwa lugha mbili, moja baada ya nyingine. Kwa mtoto anayevuka kutoka Kiswahili kwenda Kifaransa, hiyo ni ngazi nzuri. Kwa Kinande vitu ni vichache. Hapo pengo haliwezi kujazwa na kampuni ya mbali. Litajazwa na walimu, wanafunzi wa vyuo vikuu vya Butembo na Beni, na wazee wanaojua hadithi, wakikubali kukaa pamoja na kurekodi.

Hatari zilizo ndani ya kioo

Mchezo wa bure mara nyingi una mtu anayelipa, na anayelipa ni mwenye matangazo. Katikati ya hesabu ya kujumlisha, tangazo la mchezo wa kubahatisha linaweza kutokea, na kidole cha mtoto hakijui tofauti. Katika miji ambayo vijana wengi tayari wanapoteza pesa kwa kubeti mpira, hilo si jambo dogo. Dawa yake ni rahisi: mchezo ukisha kupakuliwa, kata mtandao kabla ya kumpa mtoto telefone. Matangazo mengi yanakwisha hapo.

Pili, telefone ya mzazi ina pesa ndani: M-Pesa, Airtel Money, Orange Money. Namba ya siri isiwe ile mtoto anayoiona kila siku ikifungua kioo.

Tatu, watu wengi wanajaziwa programu na filimu kwenye kadi memori kwa mafundi wa barabarani, au wanatumiana kwa telefone. Njia hiyo inaokoa mega, lakini programu iliyopita mikono kumi inaweza kuwa imebadilishwa na kubeba virusi. Inafaa fundi aipakue kutoka duka rasmi la programu mbele ya mwenye telefone.

Nne ni muda. Mwaka 2019 Shirika la Afya Ulimwenguni, OMS, lilishauri kwamba mtoto wa mwaka mmoja asikae mbele ya kioo kabisa, na wa miaka miwili mpaka minne asipite saa moja kwa siku, na ikiwa chini ya hapo ni vizuri zaidi. Mtoto mdogo anajifunza kwa kukimbia, kushika udongo, kusema na watu. Hakuna programu inayomrudishia hayo akiyakosa.

Kabla ya telefone kulikuwa na redio, na kabla ya redio kulikuwa na mbegu

Zanzibar ilianza mwaka 2006 mpango wa kufundisha watoto wadogo kwa redio. Vipindi vyake viliitwa Tucheze Tujifunze. Sauti kwenye redio ilikuwa inauliza swali, inanyamaza, watoto wanajibu, wanaimba, wanaruka, wanahesabu mawe, kisha sauti inaendelea. Vilitumika hata mahali ambapo hakuna shule ya chekechea, chini ya mti, na mtu mzima mmoja wa mtaa ndiye alikuwa anaongoza. Hapa Kongo, wakati wa Covid, Redio Okapi nayo ilipitisha masomo hewani kwa kipindi cha Okapi École, pamoja na wizara ya elimu na UNICEF. Redio moja inasikilizwa na watoto kumi, haiulizi mega, na betri zake zinadumu.

Kuna michezo ambayo haihitaji hata redio. Mchezo wa mbegu na mashimo, ambao pwani wanauita bao, Uganda omweso na Rwanda igisoro, unamfanya mtoto ahesabu, agawanye na afikirie hatua tatu mbele. Vifuniko vya chupa vinafundisha makumi na mamoja. Soko la kuigiza, lenye majani kuwa bidhaa na vikaratasi kuwa faranga, linafundisha kutoa na kurudisha chenji, na katika mji wa wafanyabiashara kama Butembo hakuna mtoto atakayechoka mchezo huo. Vitendawili vya bibi vinafundisha kusikiliza na kufikiri. Anayesema kwamba kujifunza kwa kucheza kumeletwa na telefone hajakaa na bibi.

Telefone inaongeza kitu kimoja ambacho mbegu hazina: inaweza kusikilizisha sauti ya herufi na kurudia mara mia bila kuchoka. Kwa mzazi asiyejua kusoma, hiyo ni zawadi ya kweli. Ndiyo maana haifai kuitupa, na haifai kuiabudu.

Nini kinaweza kufanyika sasa

Kwa mzazi mwenye telefone moja, mpango mdogo unaofuatwa unashinda mpango mkubwa unaoachwa:

– Chagua mchezo mmoja wa kusoma na mmoja wa hesabu, si kumi. Ucheze mwenyewe kwanza, uone kama unafanya kazi bila mtandao.

– Weka saa moja inayojulikana, dakika 20 mpaka 30, mtoto kwa mtoto, wasichana kama wavulana. Asubuhi kabla ya kutoka kazini ni bora kuliko usiku.

– Telefone ikizimwa, mtoto aandike kwa mkono kile alichojifunza, kwenye daftari, kwenye kibao cha chaki, hata kwenye udongo. Mtihani haufanywi kwa kubonyeza.

– Muulize akufundishe. "Leo umejifunza nini? Nionyeshe." Mzazi asiyejua kusoma anaweza kuuliza swali hilo vizuri kama profesa.

– Mpigie mwalimu wake mara moja kwa wiki, ikiwezekana. Botswana imeonyesha kwamba dakika hizo zina thamani kuliko ujumbe peke yake.

Kwa masomo, parokia na vyama vya mtaa, kuna njia ambayo haijatumiwa vya kutosha. Mfumo wa bure unaoitwa Kolibri unaweka maelfu ya masomo na mazoezi ndani ya kompyuta moja, na telefone zilizo karibu zinaingia humo bila intaneti. Kiwix inafanya vile vile kwa Wikipedia. Kompyuta moja, pano moja ya jua, chumba kimoja chenye mlango na mtu wa kusimamia, vinaweza kuhudumia watoto wa mtaa mzima, pamoja na wale ambao nyumbani hakuna telefone yoyote. Hapo mtoto wa familia iliyokimbia kutoka Kanyabayonga anakaa benchi moja na mtoto wa mfanyabiashara wa Kimemi.

Kwa serikali, hesabu ni nyingine. Kila kifaa kilichotajwa hapa, kutoka tableti za Tanga mpaka redio ya Zanzibar, kilifaulu pale kilipofuata programu moja iliyopangwa na kupata watu wa kukisimamia. Mwalimu wa Bulengera au wa Mulekera anayegoma kwa sababu mshahara hautoshi hawezi kuombwa apigie familia arobaini kila wiki kwa unite zake mwenyewe. Kuna hatari pia kwamba sifa za michezo hii zitatumiwa kama kisingizio: kwa nini kujenga tena madarasa yaliyochomwa, ikiwa watoto wana telefone? Jibu liko katika hesabu za Tanga zenyewe. Mahali palipokuwa na vifaa vyote na amani, nusu ya kazi ndiyo ilifanyika. Nusu iliyobaki inadai darasa na mwalimu, na inadai barabara ambayo mtoto anaweza kuipita asubuhi na kurudi jioni akiwa mzima.

Mpaka hapo patakapofikiwa, mtoto aliyeanza primere mwaka wa Ebola anaendelea kukua. Miaka yake ya kujifunza kusoma haingoji vita viishe. Dakika 20 za leo hazitamrudishia miezi iliyopotea, ila zinaweza kumzuia asisahau kile alichokwisha kukipata. Katika nyumba nyingi za Butembo na Beni, hilo ndilo mzazi anaweza kulifanya jioni ya leo, bila kungoja ruhusa ya mtu.